Mshahara Mmoja, Kuku Uani

Katika Kata ya Unyambwa, Manispaa ya Singida, familia inayotegemea mshahara mmoja wa mwalimu huwa na benki ya pili uani: kuku wa kienyeji, wale wanaosafirishwa kwenye matenga hadi Dar es Salaam. Ila fedha ya kuku haina tarehe. Inaingia asubuhi, jioni imeshakuwa sukari na vocha. Kisha ugonjwa wa mdondo unapita, banda zima linakwisha. Chanjo ya kuuzuia, I-2, ni tone moja jichoni kila miezi mitatu, na chupa yake haifikii bei ya jogoo. Kwangu mimi fedha ya chanjo hiyo itengwe kwanza, kabla hata ya hisa za vikoba. Na mwenye mshahara, mgeni akibisha hodi, asiagize tu kuku achinjwe. Amnunue kwa mwenye banda, yule anayewafuga humo humo nyumbani.