VITABU VYA KUTISHA KIDOGO

Ketini vizuri, wekeni kalamu chini kwanza, msikilize. Leo hatuna hesabu wala barua. Leo nasema na wale wenye watoto wadogo wa kupakata, hasa ninyi jamaa zetu mnaokaa Marekani na Uingereza. Najua kwamba ukifika mwezi wa Oktoba watoto wenu huleta nyumbani vitabu vya mizimu, popo na bundi, nanyi mwauliza: Je, vitabu hivi ni vya kumsomea mtoto?

Kwanza tuelewane habari ya majira. Huku kwetu tukisema vuli, twataka kusema mvua fupi za mwisho wa mwaka. Kule mambo ni mengine. Kuanzia Septemba mpaka Novemba mchana hupungua kila siku, baridi huanza, majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, kisha hupukutika. Mtoto aliyezoea kucheza nje jioni sasa huona giza limekwisha ingia kabla ya chakula. Basi ndipo hadithi za kutisha hutoka. Tarehe 31 Oktoba ni usiku wa Halloween. Watoto huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Watu huchukua boga, hulitoboa macho na mdomo, wakatia taa ndani. Desturi hiyo ilipelekwa Marekani na watu wa Ireland na Scotland katika karne ya 19.

Wazazi wengine hawautaki usiku huo kwa ajili ya dini yao, na hiyo ni hiari yao. Lakini vitabu vingi vya majira hayo havitaji Halloween hata mara moja. Habari yake ni giza, upepo na msitu tu.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Sisi sote tumelelewa na zimwi. Nani hapa hakusimuliwa habari ya msichana aliyetiwa ndani ya ngoma, zimwi akamchukua kijiji kwa kijiji akimwimbisha? Tuliogopa sana, tukajifunika kanga ya bibi, kisha tukasema, "Bibi, endelea!" Kwa nini tulitaka aendelee? Kwa sababu bibi yuko pale, twasikia joto lake. Tena kwa sababu bibi hakukomea pale msichana alipokuwa ngomani. Alikwenda mpaka wazazi walipoitambua sauti ya mtoto wao, wakamtoa.

Mimi mwenyewe nilisahau jambo hilo. Siku moja nilimpakata mjukuu wangu wa miaka minne, nikafungua kitabu ambacho sikukitazama mbele. Picha zake zilikuwa nzuri. Nikasoma, nikasoma, na katika ukurasa wa mwisho mifupa inayotembea ikamkamata mtoto, kitabu kikaisha. Nilifunua ukurasa mwingine nikakuta karatasi nyeupe. Mtoto akanitazama usoni, akaniuliza, "Babu, halafu?" Sikuwa na jibu. Usiku ule alilala kwa mama yake, na usiku wa pili pia, na mama yake hakufurahi nami hata kidogo.

Tangu siku ile mimi huanza kitabu cha mtoto kwa ukurasa wa mwisho. Nikiona mtoto wa hadithi amerudi kwao, au kitu cha kutisha kimepata mahali pake, nakichukua. Nikiona hofu imeachwa wazi, nakirudisha, hata picha ziwe nzuri namna gani.

Nawatajia kimoja ambacho wengi wenu mtakikataa mkiona jalada lake. Jina lake ni "Owl Babies". Kiliandikwa na Martin Waddell, picha ni za Patrick Benson, nacho kilitoka mwaka 1992. Habari yake ni makinda watatu wa bundi. Wanaamka usiku, mama yao hayupo. Wanamngoja juu ya tawi, wamebanana, giza limewazunguka, na yule mdogo kabisa hana neno lingine ila kumtaka mama yake.

Najua mtakavyosema: Bundi! Ndege wa uchuro! Akilia juu ya paa watu hawalali. Ni kweli, huku kwetu bundi hana jina jema. Lakini tazameni jambo hili. Anayeshtushwa na bundi yule ni wewe baba au mama. Mtoto wa miaka mitatu hajui uchuro. Kinachomtisha yeye ni kile kitanda cha mama kisicho na mtu. Na wangapi kati yenu hufanya kazi za usiku, katika viwanda na hospitali, mtoto akiamka mama hayupo? Mama bundi anarudi mwishoni. Ukikisoma kitabu hiki kabla ya kwenda kazini, mtoto ameisikia habari yako na yake, naye ameuona mwisho wake. Kwa hiyo ukichagua kitabu, usiulize tu, "Mimi naogopa nini?" Uliza, "Huyu wangu anaogopa nini?"

Cha pili ni "The Little Old Lady Who Was Not Afraid of Anything", cha Linda Williams, cha mwaka 1986. Bibi kizee anapita msituni usiku. Viatu vitupu vinamfuata, vinakanyaga kwa kishindo. Kisha suruali, shati, glavu, kofia, na mwisho kichwa cha boga. Kila kitu kina mlio au mwendo wake. Bibi anakimbia, halafu anafikiri, na vile vitu vyote vinaishia kuwa sanamu ya kufukuzia ndege bustanini. Ninyi wanafunzi wa kusoma, kitabu hiki ni rafiki yenu, maana maneno yaleyale hurudi na kurudi. Ukiyajua ukurasa wa kwanza, umeyajua ya kurasa nyingi. Mtoto naye atapiga miguu na makofi, na mtoto anayepiga makofi hana nafasi ya kulia.

Kwa aliye mdogo kabisa, tafuteni "Go Away, Big Green Monster!" cha Ed Emberley, cha mwaka 1992. Kurasa zake zimetobolewa. Ukifunua, dude linatokea kidogo kidogo: macho, pua, meno. Ukiendelea kufunua, linaondoka kidogo kidogo mpaka halipo. Mwachie mtoto afunue mwenyewe. Mkono unaoliondoa dude ni wake.

Kiko pia "Where the Wild Things Are" cha Maurice Sendak, ambacho kina maneno yasiyofika 400. Kilipotoka mwaka 1963 wakubwa wengine walisema kitawatia watoto hofu. Mwaka uliofuata picha zake zikapata nishani ya Caldecott ya Marekani. Wanyama wake wana kucha na meno makubwa, na Sendak alieleza kwamba aliwachukua katika sura za wajomba na shangazi zake waliokuwa wakija kula kwao alipokuwa mtoto. Sijui wajomba walisemaje! Mwishoni kijana anarudi chumbani kwake, akakuta chakula chake kingali moto.

Vitabu hivi vyote ni vya Kiingereza, nanyi wengine mmeanza tu kukisoma. Msione haya. Tazama picha, simulia kwa Kiswahili, soma yale maneno unayoyaweza. Ukisoma polepole, mtoto hupata wakati wa kuitazama picha vizuri na kuuliza. Akiziba macho, ngoja. Akisema basi, funga kitabu hapo hapo. Usimcheke, wala usimwite mwoga. Huenda kesho atakileta mwenyewe.

Katika maktaba za umma za huko vitabu hivi huazimwa bila malipo, mradi uwe na kadi. Andika jina la kitabu katika karatasi, umpe mtu wa maktaba.

Sasa shikeni kalamu. Mwalimu ataandika ubaoni maneno haya, nanyi mtayanakili: giza, bundi, kinda, boga, kupakata, kupukutika. Kila mmoja asome kitabu kimoja peke yake mara tatu kabla ya kumsomea mtoto. Juma lijalo mtatueleza ni ukurasa gani mtoto alitaka urudiwe, kisha tutajifunza kujaza fomu ya kupata kadi ya maktaba. Kwaherini.