Mcheza Kwao Hutuzwa: Kwa Nini Msanii Alipwe Kwanza

Maneno ya Kamati ya Maandalizi kwenye mkutano mkuu wa mwaka

 

Tumepewa dakika chache tueleze jambo moja. Mwaka huu kamati imependekeza harambee yetu isiishie kwenye hotuba na kapu la kupitishwa. Tumependekeza tamasha, nyumbani kwetu, ufuta ukishauzwa. Jukwaani apande mwimbaji mmoja wa zamani, aliyewahi kutamba nchi nzima na ambaye siku hizi hasikiki, pamoja na wazee wetu wa ngoma. Wengi mmelipokea vizuri. Lakini limeulizwa swali, tena kwa nia njema: kwa kuwa fedha zinazotafutwa ni za madawati ya watoto wetu, kwa nini msanii asiimbe bure? Kupewa nafasi ya kurudi jukwaani si malipo tosha?

Jibu la kamati ni hapana. Tunaomba mtuvumilie tueleze sababu.

Wengi wenu mnamkumbuka Saida Karoli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alitoka Kagera na wimbo wake Maria Salome, ambao wengi wetu tuliuita kwa jina la "Chambua kama karanga". Kutoka Bukoba hadi kwetu ni kona na kona ya nchi. Aliimba Kihaya, na kwetu Kihaya hatukijui. Hata hivyo kanda yake ililia kwenye magari ya abiria, kwenye harusi na kwenye maduka, na watu walicheza. Sifa zake zilivuka mpaka zikafika Uganda na Kenya.

Kisha akanyamaza. Kanda zikaondoka sokoni, zikaja CD, nazo zikaondolewa na simu. Redio zikageukia Bongo Fleva. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Miaka ikapita, mpaka uvumi ukaenea kwamba Saida amefariki, na wako walioamini. Hivyo ndivyo tunavyowafanyia waimbaji wetu: wakinyamaza, tunawazika wakiwa hai.

Septemba 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa wimbo Salome, uliojengwa juu ya ule wimbo wa Saida. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa alipovuma wakawa wanaimba sauti yake bila kumjua. Wakubwa wakawaambia: huo wimbo una mwenyewe, na mwenyewe yupo. Akatafutwa, akahojiwa, akaitwa tena majukwaani. Mwaka 2017 akatoa wimbo mpya, Orugambo. Neno hilo kwa Kihaya ni maneno ya watu, uvumi. Mtu aliyevumishiwa kifo alirudi na wimbo wenye jina hilo. Hatuna la kuongeza hapo.

Tuangalie kilichomrudisha. Huruma haikumrudisha. Wimbo wake ulikuwa umerekodiwa, ukahifadhika, na jina la mwenye wimbo lilikuwa linajulikana. Kazi ikipotea, au jina la mwenye kazi likipotea, hakuna wa kumwita arudi.

Mfano wa pili ni Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka wa Unguja. Huyu alijifunza kwa kumsikiliza Siti binti Saad, akaimba ujanani, akazunguka pwani na bara, kisha kwa miaka mingi dunia haikumsikia. Hakuacha kazi, bali alibaki kwenye unyago, akipiga msondo. Mama zetu mliopo hapa hamhitaji kuelezwa unyago ni nini wala msondo unalia vipi. Uzeeni wenye vikundi vya taarab walimrudisha jukwaani, akasafiri hadi Ulaya na Japani. Tamasha la Sauti za Busara lilipoanza Zanzibar mwaka 2004, alikuwa mmoja wa wasanii ambao watu walivuka bahari kuja kuwaona. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, tuzo kubwa ya muziki wa dunia. Alifariki Aprili 17, 2013, akiwa mzee sana, na jina lake likiwa kubwa kuliko wakati wa ujana wake.

Bi Kidude anatufundisha kwamba ukimya wa msanii si lazima uwe ukosefu wa uwezo. Mara nyingi ni ukosefu wa jukwaa. Uwezo ulikuwepo siku zote, uani, kwenye shughuli za wanawake.

Hayo yametokea kwingine pia. Huko Havana, Cuba, mwaka 1996, walikusanywa wanamuziki wazee waliokuwa wamesahauliwa. Ibrahim Ferrer, mwenye sauti ya dhahabu, alikuwa anang'arisha viatu. Compay Segundo alikuwa anakaribia miaka 90. Walirekodi kwa siku chache tu albamu ya Buena Vista Social Club, ikatoka 1997, ikauzwa mamilioni, na wazee wale wakajaza kumbi za Ulaya na Marekani.

Lakini tusijidanganye kwa hadithi zenye mwisho mzuri. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, aliyeiongoza Dar International na ambaye nyimbo zake bado zinapigwa kila wiki kwenye vipindi vya zilipendwa, alimaliza maisha yake akiuza kanda nyumbani kwake Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1995. Muhidin Maalim Gurumo aliimba tangu enzi za NUTA Jazz, akapita Sikinde, akarudi Msondo. Alistaafu mwaka 2013, na mwaka huohuo Diamond alimzawadia gari. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini kama kila aliyecheza nyimbo zake angekuwa amezilipia, mzee yule asingehitaji kusubiri zawadi ya kijana. Alifariki Aprili 2014.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, na mwaka 2022 COSOTA walianza kugawa mirabaha ya nyimbo zinazopigwa redioni na kwenye televisheni. Ilikuwa hatua njema. Lakini mirabaha peke yake haimlishi msanii mkongwe. Kinachomlisha ni jukwaa, na jukwaa ni watu kama sisi, wenye harusi, mahafali, mikutano na harambee. Tukisema kila safari "hii ni ya maendeleo, tuimbie bure", basi msanii atakuwa amechangia maendeleo ya vijiji vyote vya Tanzania isipokuwa nyumba yake mwenyewe.

Wahenga wetu walilimaliza jambo hili zamani: mcheza kwao hutuzwa. Hawakusema hushukuriwa wala hupigiwa makofi. Walisema hutuzwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kumrudisha msanii jukwaani si kubandika picha yake ya zamani kwenye tangazo. Tumezungumza na watu wa bendi, na haya ndiyo tunayoyapendekeza.

Kwanza, hatutangazi jina mpaka mkataba uwe umesainiwa. Ndiyo maana leo hatumtaji. Tunajua sote matangazo yenye sura za wasanii ambao hata hawajapigiwa simu. Mtu analipa kiingilio, anasubiri hadi saa nane usiku, anarudi nyumbani na hasira. Chama chetu kisiwe na sifa hiyo.

Pili, nusu ya malipo itolewe mkataba unaposainiwa na nusu ikabidhiwe kabla hajapanda jukwaani. Isiwe baada ya kuhesabu kiingilio, wala wiki ijayo.

Tatu, aimbe na bendi, asiimbe juu ya CD. Msanii aliyekaa kimya miaka kumi anahitaji mazoezi na wapiga vyombo. Sauti ya mtu wa miaka 60 si ile ya miaka 25. Nyimbo zinashushwa ufunguo, nyingine zinafupishwa, waitikiaji wanabeba sehemu zinazohitaji pumzi. Hilo si aibu, ndio ufundi. Lakini mazoezi ya siku mbili yana gharama ya chakula, nauli na malazi, na gharama hiyo ni yetu.

Nne, aimbe mapema. Saa mbili usiku mzee awe jukwaani, saa nne awe amemaliza. Vijana wenye nguvu zao wafuate hadi alfajiri wakitaka. Na asafiri mchana. Wenye umri mnakumbuka kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikuwaje wakati wa masika: kivuko cha Ndundu, tope, kulala njiani. Bendi nyingi zilituruka kwa sababu hiyo, na muziki wao tuliusikia redioni tu. Leo lami imefika na mtu anatoka Dar asubuhi, anapita Somanga na Nangurukuru, na jioni yuko Kitomanga. Hatuna tena sababu ya kumchosha mgeni wetu kwa safari ya usiku.

Tano, fedha za kutuza ni za msanii. Hapa ndipo palipo na ubishi, tuliseme wazi. Mtu akipanda jukwaani akambandika mwimbaji noti ya elfu kumi, noti hiyo haiingii kwenye kapu la chama. Anayetaka kuchangia madawati, meza ya mweka hazina itakuwepo na stakabadhi atapewa.

Sita, wazee wetu wa ngoma wapande jukwaa hilohilo na walipwe kwa utaratibu huohuo. Wasipangiwe kupokea wageni juani saa tisa alasiri kisha wakapewa soda. Tunao manyakanga na wapiga ngoma ambao ufundi wao haujawahi kurekodiwa hata mara moja. Tunaomba warekodiwe vizuri, majina yao yaandikwe, na nakala wapewe wao na familia zao. Yale ya jando na unyago yasiyotakiwa kutoka nje yatabaki ndani, na wenye kuamua ni manyakanga wenyewe, si kamati. Saida alirudi kwa sababu kazi yake ilihifadhiwa na jina lake lilijulikana. Wa kwetu, wakifariki bila kurekodiwa, atarudi nani?

Tunajua mnasubiri hesabu. Tuchukue mfano tu. Watu 300 wakilipa kiingilio cha shilingi 10,000, tunapata shilingi 3,000,000. Tukitoa 1,500,000 kwa msanii, bendi na wazee wa ngoma, na 800,000 kwa vyombo, umeme na usafiri, tunabaki na 700,000. Tusipowalipa wasanii, karatasi inasema tutabaki na 2,200,000. Kwa hiyo kuna mtu atasema kamati inachezea shilingi 1,500,000 za watoto.

Tunamjibu hivi. Fedha hiyo haikuwa ya watoto tangu mwanzo. Watu 300 hawatakuja kutuangalia sisi wanakamati, watakuja kumsikiliza yeye. Yeye ndiye ameleta hiyo milioni tatu mlangoni. Akipanda bila mazoezi, bila bendi, akiwa na njaa na kinyongo, mwaka wa pili hatutapata hata watu 100. Na kama tunataka hiyo 1,500,000 kwa ajili ya madawati, ipo kwenye ukumbi huu. Tukiwa watu 150 hapa, kila mmoja akitoa 10,000 ya ziada, imepatikana, na hatujachukua jasho la mtu.

Tunajua pia wapo wanaosema watoto hawakai juu ya nyimbo, wanakaa juu ya madawati. Ni kweli. Lakini mtoto huyo huyo akiimba vizuri, akipiga ngoma vizuri, tunataka ajifunze nini kutoka kwetu? Kwamba kwao akicheza atatuzwa, au kwamba kipaji ni kitu cha kuombwa bure mpaka kiishe?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Mkutano upitishe kwamba wasanii walipwe kwanza, kwa mkataba. Kila tawi lichague mtu mmoja wa kuorodhesha wazee wa ngoma wa upande wake, kwa ridhaa yao, kabla ya mavuno ya ufuta. Na kila aliyepokea kijitabu hiki ajaze ukurasa wa ahadi ulio nyuma, awe na kubwa au ndogo. Ahadi ni deni, nasi tutakuja kulidai kwa heshima.

Tukutane nyumbani. Njooni na watoto wenu, wamwone kwa macho yule ambaye wazazi wao walicheza nyimbo zake, na mikononi muwe na noti za kutuzia.