KUSOMA KIINGEREZA KWA MAMBO YA KILA SIKU
Hotuba kwa wazazi na walimu



Katika Boito, nchi ya chai kaunti ya Bomet, mtoto wa Kipsigis huingia shule akiwa na maneno mengi ya lugha yake, bali Kiingereza hukisikia nyumbani kwa nadra. Akipewa kitabu chenye habari za theluji, aweza kukariri kurasa nzima kwa sauti nzuri asielewe neno hata moja. Mtoto huyo anaimba tu, kusoma bado.

Hata hivyo, Kiingereza kilichoandikwa hakikosi nyumbani mwake. Kiko juu ya gunia la mbolea, juu ya stakabadhi ya kituo cha kununulia chai, na juu ya chupa ya dawa. Mwalimu mwenye busara hufundisha kwa vitu hivyo.

Gunia la mbolea ya chai huandikwa NPK 26:5:5. Watoto husoma, kisha huelezwa maana: katika kila kilo 100 mna kilo 26 za naitrojeni, ambayo hustawisha majani. Basi gunia la kilo 50 lina kilo 13. Kadhalika stakabadhi ya chai ina tarehe na uzito. Mtoto awezaye kuisoma atamwonyesha mama yake kama kilo zilizoandikwa ni sawa na zile alizoziona mizanini.

Chupa ya dawa ya wadudu isiletwe darasani. Maneno yake yanakiliwe ubaoni: “Keep out of reach of children”, yaani iwekwe mbali na watoto. Nyumba isiyoelewa maneno hayo yaweza kupata msiba.

Wala vitu hivi havitoshi peke yavyo. Hapana budi mtoto afundishwe sauti za herufi, na azoee kulitamka neno kabla ya kulisoma. Mpango wa Tusome, ulioenezwa katika shule za msingi za serikali ya Kenya tangu 2015, ulitilia mkazo sauti za herufi, na kila mtoto apate kitabu chake.

Mzazi asiyejua Kiingereza naye ana kazi. Jioni ampe mtoto karatasi moja ya nyumbani, amwulize kwa lugha ya mama inasema nini. Akieleza, amesoma. Akinyamaza, mwalimu na aambiwe mapema.