Ngome na Vijiji Vyake: Karlštejn, Budňany na Mořina

Ngome ya Karlštejn, iliyoko kiasi cha kilomita 30 kusini-magharibi mwa Praha, mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki, imesimama juu ya mwamba wa chokaa karibu na bonde la mto Berounka, na historia yake kwa kawaida huandikwa kama historia ya mfalme mmoja na hazina yake. Mtazamo huo hauna uongo, ila huacha nje watu walioiwezesha hazina hiyo kukaa mahali ilipokaa. Mhadhara huu unaitazama ngome kutoka chini, yaani kutoka Budňany, kijiji kilichokua katika bonde jembamba chini ya kuta zake, na kutoka Mořina, kijiji jirani ambacho wageni wengi hukipita bila kukijua. Nao unashikilia kwamba Karlštejn ilisimama kwa wajibu uliofungamanishwa na ardhi ya vijiji zaidi ya ilivyosimama kwa unene wa kuta zake.

Mwanzilishi wake, Karel IV, alikuwa mfalme wa Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu kubwa ya magharibi ya Cheki, na mwaka 1355 alivikwa mjini Roma taji la Dola Takatifu la Kirumi, muungano mpana wa falme, miji na himaya za kikabaila uliotawala Ulaya ya kati. Jiwe la msingi la ngome liliwekwa mwaka 1348 na Arnošt wa Pardubice, askofu mkuu wa Praha, katika mwaka uleule ambao Karel alianzisha chuo kikuu cha Praha na kupanua mji huo kwa mitaa mipya. Miaka miwili baadaye vito vya dola, yaani taji, upanga, msalaba na masalia ya watakatifu ambayo kwa imani ya wakati ule yalimpa mtawala uhalali wake, viliwasili Praha, na nyumba iliyokuwa ikijengwa mlimani ikapata kazi kubwa zaidi ya kuwa makazi ya mfalme.

Kazi hiyo inasomeka katika mpangilio wa majengo, ambayo hupanda mlima ngazi kwa ngazi: chini kabisa mnara wa kisima na nyumba ya msimamizi, juu yake kasri la mfalme, kisha mnara uliowekwa wakfu kwa Bikira Maria, na kileleni Mnara Mkuu, wenye urefu wa takriban mita 60, ambamo kuna Kikanisa cha Msalaba Mtakatifu kilichowekwa wakfu mwaka 1365. Kuta za kikanisa hicho zimepambwa kwa mawe ya thamani yaliyosuguliwa na kupachikwa katika lipu iliyopakwa dhahabu, na juu ya mawe hayo zimepangwa picha 129 za watakatifu zilizochorwa juu ya mbao na fundi Theodoricus pamoja na wasaidizi wake. Nyuso za watakatifu hao ni pana, laini na nzito, zenye uhai unaoshangaza kwa karne ya 14, na katika fremu za picha nyingi yalihifadhiwa masalia, hivyo kwamba mchoro ulikuwa pia sanduku la kitu kitakatifu.

Ni katika malipo ya kazi hii ndipo kijiji kinapojitokeza wazi. Mwaka 1367 Karel alitoa hati iliyomsamehe Theodoricus kodi za shamba lake la Mořina, kama shukrani kwa uchoraji wa kikanisa. Naye mchoraji na warithi wake wakatakiwa kutoa kila mwaka ratili 30 za nta kwa ajili ya mishumaa ya kikanisa hicho. Hati hii fupi ina mafunzo mengi kuliko kurasa nyingi za sifa za mfalme, kwa sababu inaonyesha mzunguko mzima: msanii wa mfalme ni mwenye shamba kijijini, shamba linasamehewa kodi kwa sababu ya dhahabu iliyopakwa mlimani, na nta inapanda mlima kila mwaka ili dhahabu hiyo ionekane gizani. Mchoraji mwingine wa mfalme, Mikuláš Wurmser aliyetoka Strasbourg, naye alikuwa amepewa nafuu ya namna hiyo kwa shamba lililokuwa Mořina vilevile.

Utaratibu huohuo ulitumika kwa ibada na kwa ulinzi. Mwaka 1357 Karel aliunda katika ngome jumuiya ya mapadri waliopaswa kusali humo daima, na jumuiya hiyo ilihitaji mapato ya ardhi ili iweze kuishi. Ulinzi ulikuwa mikononi mwa manové, neno la Kicheki linalotaja watu waliopewa ardhi kwa sharti la kumtumikia bwana kwa silaha: waliishi katika mashamba yaliyoizunguka ngome, na walilazimika kupanda mlimani msimamizi wa ngome, aitwaye purkrabí, anapowaita. Budňany kwenyewe kulijengwa, katika zama za Karel, kanisa la Mtakatifu Palmatius, ambaye masalia yake mfalme aliyapata Trier. Kijiji nacho kikapata kwa hiyo sehemu yake katika utakatifu uliokuwa ukikusanywa juu.

Udhaifu wa ngome ulikuwa maji. Chokaa hupitisha maji na kuyaacha yapotee chini, na mwamba wa Karlštejn haukuwa na chemchemi ya kutegemewa. Wachimbaji walichimba kisima kirefu sana bila kuyapata, na mwishowe kisima kililishwa kwa mfereji wa siri chini ya ardhi uliochukua maji ya kijito cha bondeni. Simulizi inayodai kwamba wachimbaji hao waliuawa ili wasiitoe siri inapendwa na wageni, lakini haihitajiki: yeyote aliyelijua bonde angeweza kuwatia kiu walinzi.

Hata hivyo ngome ilivumilia kuzingirwa kwa miezi kadhaa mwaka 1422, wakati jeshi la Praha la Wahusi, wafuasi wa mhubiri Jan Hus aliyechomwa moto Konstanz mwaka 1415, lilipoishambulia likiongozwa na Zikmund Korybut, wa ukoo wa watawala wa Lithuania. Wazingiraji walitumia mizinga na manati, na wakarusha ndani vinyesi na mizoga ili kueneza maradhi. Novemba wakaondoka kwa mapatano. Jambo la kejeli ni kwamba vito vya dola havikuwa humo tena, kwa maana mfalme Zikmund, mwana wa Karel, alikwisha kuviondoa, na mwaka 1424 vikafika Nuremberg. Leo viko Vienna. Vito vya taji la Bohemia ndivyo vilivyoendelea kuipa ngome uzito katika siasa za nchi, mpaka navyo vilipohamishiwa Praha mwaka 1619.

Kuanzia hapo Karlštejn ilibaki na wajibu mdogo na gharama kubwa. Cheo cha purkrabí kilifutwa katika miaka ya 1620, Waswidi waliishambulia mwaka 1648, na mwaka 1755 malkia Maria Theresa aliitoa kwa taasisi ya mabinti wa kikabaila mjini Praha. Uamuzi huo unachekesha kidogo ukikumbukwa mchezo wa kuigiza wa mwandishi Jaroslav Vrchlický wa mwaka 1884, uliofanywa filamu ya nyimbo katika miaka ya 1970, ambao unamwonyesha Karel akiwapiga marufuku wanawake kuingia ngomeni, naye malkia akiingia kwa kujificha: kwa zaidi ya karne moja mapato ya ngome hiyo yaliwatunza wanawake.

Badiliko lililoathiri kijiji kuliko vita lilikuwa reli ya Praha hadi Plzeň, iliyofunguliwa mwaka 1862 na kupita bondeni, kwa kuwa iliwawezesha wakazi wa mji mkuu kufika na kurudi siku moja. Ukarabati ulioongozwa na msanifu majengo Josef Mocker kati ya 1887 na 1899 uliondoa mengi yaliyoongezwa baada ya karne ya 14 na kuipa ngome mapaa marefu yanayoonekana leo. Ni kazi ya ustadi, lakini inamwonyesha mtazamaji karne ya 14 kama karne ya 19 ilivyoitamani. Budňany, iliyowahi kuitumikia ngome, ikaanza kulishwa nayo kwa vyumba vya wageni, mikahawa na maduka ya vikumbusho yaliyopangana kando ya njia ya kupandia. Mwaka 1952 iliunganishwa na jirani yake Poučník, na mahali pote pakachukua jina la Karlštejn. Makazi hayo yana wakazi wapatao 900, idadi inayozidiwa na wageni katika siku yoyote nzuri ya kiangazi. Na Kikanisa cha Msalaba Mtakatifu, ambacho pumzi na unyevu wa wageni hao vingekidhuru, hutembelewa kwa makundi madogo yaliyoagiza nafasi mapema.