Jukwaa la Bustani na Haki ya Jirani

Nchini Uingereza, kwa maana ya England peke yake kwa kuwa Wales na Scotland zina kanuni zao, mwenye nyumba anaweza kujenga jukwaa la mbao katika bustani yake bila kuomba kibali, mradi lisizidi sentimeta 30 kutoka usawa wa ardhi. Likizidi hapo, sheria inalihesabu kuwa limeinuliwa, na halmashauri ya eneo inapata kauli juu yake. Yapo masharti mengine: majengo yote ya ziada yasimeze zaidi ya nusu ya kiwanja kinachozunguka nyumba, jukwaa lisikae mbele ya nyumba, na nyumba isiwe miongoni mwa zile zinazolindwa kwa sababu ya historia yake. Hata hivyo, penye ugomvi, mara nyingi kisa ni kimo.

Sentimeta 30 zinaweza kumchekesha mtu, mpaka apige hesabu ya macho. Mtu mzima wa kimo cha kawaida akisimama, macho yake yako kama mita 1.6 kutoka chini. Uzio usiopakana na barabara unaruhusiwa kufika mita 2 bila kibali. Juu ya jukwaa la sentimeta 30, macho yanafika mita 1.9, na uzio bado unayazuia. Juu ya jukwaa la sentimeta 60 yanafika mita 2.2, na jirani anayenyonyesha mtoto nje ya mlango wa jikoni ameshaonekana. Walioandika kanuni wawe walipiga hesabu hiyo au hawakuipiga, hapo ndipo faragha ya upande wa pili inapoanza kuvuja.

Mamlaka ya halmashauri katika jambo dogo namna hii yana historia. Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya mwaka 1947, iliyopitishwa chini ya serikali ya Clement Attlee na kuanza kutumika Julai 1, 1948, iliacha ardhi mikononi mwa wenyewe lakini ikaiweka haki ya kuiendeleza chini ya idhini ya umma. Tangu hapo, kumiliki kiwanja ni jambo moja na kujenga juu yake ni jingine. Vitu vidogovidogo vimeruhusiwa kwa jumla ili watu wasisumbuliwe, na kanuni zinazotumika sasa ni za mwaka 2015. Kwa hiyo mwenye jukwaa anayesema “ardhi ni yangu” amesema kweli, ila hajajibu swali aliloulizwa. Swali ni je, wengine wanaathirika vipi?

Kubishana na halmashauri si utovu wa adabu wala si uasi. Utaratibu wenyewe umejengwa kwa ajili ya mabishano, na uamuzi usiopingwa kamwe huwafanya maofisa kuwa wavivu wa kufikiri. Maadili yanaingia katika namna ya kubisha. Hoja inayofaa ni ile ambayo mwenye jukwaa angekubali itumike dhidi yake siku jirani akijenga la kwake.

Hoja ya kwanza huwa ya kipimo, na mara nyingi ndiyo yenye nguvu. Ardhi ikiwa na mteremko, kanuni zinataka kimo kipimwe kuanzia sehemu ya juu kabisa ya ardhi inayogusana na kilichojengwa. Jukwaa linaloanza karibu sawa na ardhi mlangoni na kuning’inia sentimeta 90 mwisho wa bustani linaweza, kwa hesabu hiyo, kuwa halali kabisa. Ofisa aliyepimia upande wa chini amekosea, na kumwonyesha kosa hilo kwa michoro na picha ni kumsaidia kazi yake. Lakini upande wa pili nao una ulinzi wake: sakafu ya mbao iliyotandikwa juu ya ardhi haigeuki kuwa ardhi, na anayeanza kupimia juu yake anajaribu ujanja. Mwenye uhakika na kipimo chake anaweza kuiomba halmashauri cheti cha uhalali, ambacho hutolewa kwa kuangalia sheria na ukweli tu, bila kuuliza kama jukwaa linapendeza.

Kipimo kikimkataa, yanabaki madhara, na ombi la kibali linaweza kupelekwa hata baada ya ujenzi kwisha. Kujenga bila kibali peke yake si jinai. Jinai ni kukaidi ilani ya utekelezaji, yaani amri ya halmashauri ya kurekebisha au kuondoa kilichojengwa, muda wake wa kutekelezwa ukishakwisha. Ombi likishapelekwa, majirani hupewa nafasi ya kusema, nao pia wana mipaka. Kushuka kwa thamani ya nyumba hakupimwi, wala kuharibika kwa mandhari ya mtu binafsi. Wingi wa barua hauongezi uzito wa hoja: barua moja inayoonyesha dirisha la chumba cha kulala lililo mita chache kutoka kwenye jukwaa inazishinda hamsini zenye hasira. Mwenye nyumba naye hasaidiki kwa kujieleza kuwa ni mtu mtulivu asiyechungulia. Kibali kwa kawaida hufuata ardhi. Yeye atauza na kuhama, jukwaa litabaki, na atakayesimama juu yake kesho hajulikani.

Halmashauri nayo inabanwa. Ikikataa, inapaswa kutaja sababu zake kwa ukamilifu, kwa uwazi na kwa usahihi, pamoja na sera ilizozitegemea. Maneno kama “linaharibu sura ya mtaa” kwa jukwaa lililo nyuma ya nyumba, lisiloonekana kutoka njia yoyote, ni uvivu uliovaa koti la sera, na yanastahili kupingwa bila haya. Tena, kutoa ilani ya utekelezaji ni jambo la hiari: halmashauri lazima ione kuwa inafaa kuchukua hatua, na kukosekana kwa karatasi tu ni sababu dhaifu. Iwapo kizuizi cha macho ubavuni mwa jukwaa kinamaliza tatizo, kibali chenye sharti hilo ni bora kuliko msumeno.

Kutazamwa si malalamiko ya watu wepesi kukasirika. Mwaka 2016 jumba la sanaa la Tate Modern, London, lilifungua roshani ya kutazamia mji katika ghorofa ya kumi, na wageni wakawa wanatazama pia ndani ya nyumba za jirani zenye kuta za vioo. Wakazi walishindwa mahakamani mwaka 2019, wakashindwa tena katika rufaa mwaka 2020. Februari 1, 2023, Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kuwa kutazamwa mfululizo kwa kiwango kile ni kero ya kisheria. Jukwaa la bustani halifiki huko, na hukumu ile haikusema kuwa kila anayeonekana na jirani ana kesi. Iliweka wazi tu kwamba jicho la mtu linaweza kuingilia matumizi ya nyumba ya mwenzake.

Kibali cha nyumba ya mtu kikikataliwa, rufaa hupelekwa kwa Idara ya Ukaguzi wa Mipango ndani ya wiki 12, bila ada. Mkaguzi kwa kawaida hufika mwenyewe, na haruhusiwi kusikiliza hoja mpya akiwa bustanini; huja kutazama. Kila upande hubeba gharama zake, isipokuwa mmoja awe ameendesha mambo bila busara, na kanuni hiyo huikamata halmashauri sawasawa na raia. Ilani ya utekelezaji ina rufaa yake, ambayo lazima ifike kabla ya tarehe ya ilani kuanza kufanya kazi, na moja ya misingi yake ni kuwa hatua zilizoamriwa zimezidi kiasi: pengine inatosha kulishusha jukwaa badala ya kulibomoa lote. Baada ya mkaguzi kuamua, inabaki mahakama, na huko husikilizwa makosa ya kisheria tu.