Sahani ya Nne

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nawaomba mpande nami mlima kidogo. Na kama mko mezani, endeleeni kula, maana nitakayozungumza ni ya chakula.

Tangu Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, milima ya Uluguru imekuwa jirani yetu. Unaondoka asubuhi, baada ya kama saa mbili uko chini ya mlima, jioni umerudi kwako. Nami niliondoka na wenzangu wawili wa kazini, nia yetu kufika Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani iliyo mlimani juu ya mji wa Morogoro.

Mjini nilimwuliza mtu tutakula wapi. Akajibu, "Huko juu hakuna kitu." Basi tukanunua chipsi kuku, maboksi matatu, tukapata kijana wa kutuongoza, tukaanza kupanda.

Sitawachosha na habari za mwinuko. Magoti yangu yana miaka arobaini na kitu, nayo yalisema yote. Tulipishana na akina mama wakishuka na mboga kichwani kwenda sokoni, wakatusalimu bila kuhema. Katika kitongoji kimoja tukawakuta wengine wametua mizigo kwenye migomba, wanakula. Pembeni alikuwapo mama mmoja wa makamo na mafiga yake, sufuria ya ndizi na nyingine ya maharage. Hakuna kibao wala bei iliyoandikwa. Sisi tukakaa kwenye gogo, tukafungua maboksi. Chipsi zilikwisha kupoa na kushikana.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba maboksi ni matatu na sisi tu wanne. Kijana wetu alikuwa amejitenga, anachezea jani. Kabla sijasema neno, yule mama akampelekea sahani. Nikatoa pesa, akakataa.

"Huyu ni mtoto wa hapa, mwanangu. Kula chakula chako."

Katika kazi hii nimefokewa na wakubwa wengi, lakini maneno yale yaliniingia zaidi.

Nikamwamkia upya, nikamwuliza kwa nini wageni hawajui kwamba anapika. Akasema wanajua sana. Siku moja aliagizwa chakula cha watu kumi na wawili. Akachinja majogoo mawili, akakopa mchele dukani. Kundi likaja, likapita na vifurushi vyake kutoka mjini, wengine wakampungia mkono. Deni la mchele alilipa kwa miezi miwili. Tangu hapo anawapikia wabeba mboga tu, maana hao anajua watakuja.

Nilimwomba atupikie sahani nne za kurudi, nikalipa papo hapo, shilingi 2,000 kila moja. Alisita, kisha akazipokea. Tuliposhuka tulikuta ndizi za moto, maharage na mchicha, na maji ya kunywa aliyoyachemsha. Mwenzangu mmoja, ambaye mjini hachagui ila nyama, aliomba aongezwe.

Kwa hiyo, msikilizaji unayepanga safari kama hiyo, usimwulize mtu wa hotelini utakula wapi. Mwulize anayebeba mzigo. Yeye hawezi kupanda na kushuka kila siku kwa njaa. Agiza unapopanda, lipa walau nusu, ule unaposhuka. Watu wa huko hawapiki chakula cha kukaa kikimsubiri mgeni asiyejulikana, na mimi siwalaumu. Na unapohesabu vichwa, mhesabu anayekuongoza.

Jambo jingine ni maboksi. Niliyaona matupu yamekwama kwenye mawe ya kijito. Mto Ruvu, ambao maji yake tunayanywa Dar es Salaam, unaanzia katika milima hiyohiyo. Letu tulirudi nalo mjini, ingawa nakiri kwamba ni kijana aliyetukumbusha.

Tulipoaga, mama aliuliza tutarudi lini. Nikamwambia Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao.

"Mtakuwa wangapi?"

"Watatu, mama."

Akamtazama kijana, akanitazama mimi.

"Wanne," nikasema, nikatoa pesa.