Mashine Haiulizi Kulikoni
(Hotuba iliyosomwa na mweka hazina siku ya kusherehekea miaka 10 ya chama)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi na mashine. Mimi si msomi wa kompyuta. Ni mchumaji wa chai, niliyefundishwa kazi na mama yangu, na kwa miaka hii 10 ndiye ninayeshika daftari la chama. Basi nitasema yale niliyoyaona.

Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa akina mama 18, wengi wetu vibarua katika mashamba makubwa ya chai hapa Kericho. Kazi ile mnaijua: kikapu mgongoni, umande miguuni, majani mawili na chipukizi lake, halafu foleni ya mizani. Malipo ni kwa kilo. Katika kilo hizo ndimo tulimotoa shilingi 100 zetu kila wiki.

Kisha mashine zikazidi. Watu wawili wanaishika huku na huku, inapita juu ya michai mara moja, na kazi ya kikosi kizima imekwisha. Pale nilipokuwa nikifanya kazi, mashine walipewa vijana wa kiume. Sisi tukaambiwa tukae nyumbani, tutaitwa. Mwezi wa Mei 2023 hasira zilipanda hapa Kericho, mashine zikachomwa moto. Mimi sikushangilia. Mashine haikujileta shambani, na majivu hayalipi karo. Lakini nikiambiwa hayo ni maendeleo, nami nauliza: maendeleo ya nani? Maana daftari langu lilionyesha akina mama saba ambao kwa miezi miwili hawakuleta hata shilingi moja.

Sasa nije kwa mashine ya pili, hii iliyo mkobani. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa zimejua kutembea zenyewe. Mimi nashukuru. Zamani nilikuwa nikilala na sanduku la chama chini ya kitanda, mbwa akibweka naruka. Leo mwenzetu aliyeenda kufanya kazi Nairobi anatuma mchango wake bila kupanda gari.

Lakini simu hiyohiyo pia inakopesha. Hakuna karani, hakuna mdhamini. Kompyuta inaangalia unavyotumia simu yako, na kwa dakika chache imeamua. Mmoja wa wale saba alikopa huko apate unga na karo. Akakopa kwingine alipe kule kwa kwanza. Alipochelewa, ujumbe ukafika hadi kwa shemeji yake. Tangu mwaka 2022 sheria za Benki Kuu zinakataza wakopeshaji wa simu kumwaibisha mtu namna hiyo, lakini yeye aibu alikuwa tayari ameibeba.

Tulijuaje? Si kwa simu. Tulijua kwa sababu Alhamisi moja alikuja kikaoni, akakaa nyuma, hakucheka. Mama mwenyekiti akamfuata nje akamwuliza, "Mama, kuna nini?" Akalia. Mashine ilijua siku alizochelewa, tena kwa hesabu kamili. Sababu haikuijua, wala haikuwa na haja nayo.

Katiba yetu inasema ukikosa mara nne, unatolewa. Wote saba walikuwa wamepita mara nne. Jioni ile tulibishana mpaka giza likaingia, na wengine walisema sheria ni sheria. Mwishowe tukakubaliana: faini tufute, mchango uwe nusu kwa miezi sita, na kila mmoja apewe mkopo mdogo wa kuanzia, wa kuku au wa mboga. Leo wote saba wako hapa. Mmoja ndiye aliyetuuzia mayai ya sherehe hii.

Nayasema haya kwa sababu mwezi ujao tutapiga kura juu ya jambo moja. Wenzetu wametoa hoja kwamba sasa kila kitu kifanywe kwa simu: mchango, mkopo, faini, na vikao vya Alhamisi viishe. Wana sababu zao, na mimi siwalaumu. Muda ni mchache, na njia ina matope. Lakini wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Programu ingewatoa wale saba asubuhi na mapema, na isingekosea hata senti moja.

Ombi langu ni hili: simu ibebe pesa, hata daftari langu likitaka ilichukue, mimi nitapumzika mkono. Kikao tubaki nacho. Kazi ya mikono tumeona inavyochukuliwa. Kazi ya kumwuliza mwenzako kulikoni, hiyo tusiitoe wenyewe kwa hiari.